Kipimo cha DNA cha mate na kliniki ya hapa Mwanza: kipi kimetusaidia kuhusu sukari na kansa ya utumbo

Nianze na maksi kabisa maana najua wengi mnasoma mistari miwili mnaondoka. Kipimo cha DNA cha kutema mate, kile ndugu zetu walioko nje wanaagiza mtandaoni kinaletwa mlangoni, nakipa nyota mbili kati ya tano. Kliniki ya binafsi hapa Mwanza ambako daktari alikaa na sisi akachora ukoo wetu kwenye karatasi, naipa nyota nne. Majina siyataji. La kipimo kwa sababu hivi vya mate vinafanana sana, la kliniki kwa sababu nina lawama zangu huko chini na sitaki simu za usiku.

Swali lililotupeleka huko ni hili. Upande wa baba yangu sukari imejaa. Baba anayo, baba mdogo anayo, na baba mkubwa aliyeishi nayo miaka mingi ndo tulimzika kwao Ukerewe kwa kansa ya utumbo mpana. Sasa pale msibani, mnajua misiba yetu, watu wamekaa kwenye majamvi usiku kucha na kila mtu daktari, mmoja anasema sukari ikikaa sana mwilini inageuka kansa, mwingine anasema hapana huu ni ugonjwa wa ukoo unarithishwa na sote tunao, mwingine kashaanza habari za mkono wa mtu. Dada yetu, mtoto wa kwanza wa marehemu, anaishi London, akasema yeye habishani na mtu anapima DNA. Akapima. Majibu yakaja kwenye apu, akayatupa kwenye grupu la ukoo, na hapo ndo shida ilipoanza maana ukurasa wa kansa ya utumbo ulikua na tiki ya kijani.

Kwanza kifaa chenyewe. Kama kifaa hakina ubaya. Kiboksi kidogo, ndani kichupa cha plastiki chenye mstari, unatema mate mpaka yafike kwenye mstari na povu halihesabiwi, dada anasema hapo ndo pagumu, mdomo unakauka kabisa unabaki unawaza limao ili mate yatoke. Nusu saa kabla huruhusiwi kula wala kunywa wala kuvuta sigara. Unafunga kifuniko, kinaachia dawa ya kutunza mate yasiharibike, unatikisa, unaposti, unasubiri wiki kadhaa. Mimi nina duka la vifaa vya uvuvi Kirumba, nilivowaambia wenzangu pale kua dada kapima DNA wote wakauliza swali moja, "kwani mtoto wa nani?", maana kwetu DNA ni kesi ya mtoto, ustawi wa jamii na Mkemia Mkuu basi. Na kwa mnaotaka kuagiza mkiwa hapahapa, tuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na msimamizi wake ni huyohuyo Mkemia Mkuu wa Serikali, kwaiyo kabla hujapandisha mate yako ndege kaulize kwanza ofisini kwao.

Ukurasa wa sukari ulikua mrefu na kiukweli umeandikwa vizuri. Kisukari cha aina ya pili hakina jeni moja, kina mamia ya tofauti ndogondogo kwenye vinasaba na kila moja inasukuma kidogo tu, kampuni inazijumlisha inakupa alama moja, hatari yako ya kawaida au imezidi. Ya dada ilisema imezidi. Sawa, lakini mtu ambaye baba yake kaumwa sukari na baba zake wadogo wote wawili wanaumwa sukari anahitaji kutema mate ili ajue hilo? Mtoto wa mgonjwa wa sukari aina ya pili inajulikana ana hatari kama mara mbili mpaka tatu ya mtu ambaye kwao haipo, hilo hata nesi wa zahanati atakwambia bure. Alafu chini kabisa kwa maandishi ya sisimizi wamesema hesabu zao zimetengenezwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, kwa wengine usahihi unapungua. Sio kosa la kampuni moja, zaidi ya watu 8 kati ya 10 walioingizwa kwenye tafiti kubwa za vinasaba duniani ni wa asili ya Ulaya. Na sio kwamba Afrika hakuna cha kutafuta, mwaka 2019 ulitoka utafiti wa watu kama 5,000 wa Nigeria, Ghana na Kenya ukaonyesha jeni inaitwa ZRANB3 inahusika na sukari kwa Waafrika. Kwenye ripoti ya dada sikuiona hata kwa bahati mbaya.

Ukurasa wa kansa ndo ulioniudhi. Kijani, tiki, hakuna kilichopatikana. Grupu zima shangwe, mmoja kaandika Mungu mkubwa, mwingine katuma vikaragosi vinacheza. Ukifungua ndani unakuta walichoangalia ni sehemu mbili tu za jeni moja, MUTYH. Jeni hiyo kweli inaleta kansa ya utumbo, ila mpaka uirithi ikiwa mbovu kwa baba na kwa mama pia, na hizo sehemu mbili walizochagua ni zile zinazoonekana zaidi kwa watu wa Ulaya ya kaskazini. Jeni za hali ya kurithi inayoitwa Lynch, ambazo ndo chanzo kikuu cha kansa ya utumbo ya kurithi, hawakuzigusa. APC, jeni nyingine ya kansa hiyo, hawakuisoma yote. Kwaiyo dada angeweza kua na ubovu kwenye jeni yoyote kati ya hizo na tiki ingebaki kijani vilevile. Wameweka onyo ndio, usitumie majibu haya kuamua matibabu, lakini onyo liko ndani ndani huko na tiki ndo ya kwanza kuonekana, na nani kwenye grupu la watu sitini anafungua ukurasa wa ndani?

Alafu hata kama wangesoma kila kitu, majibu ya dada ni ya dada. Mimi na yeye baba zetu ndugu, vinasaba tunavyoshirikiana kwa wastani ni moja ya nane. Hata mdogo wake wa tumbo moja wanashirikiana nusu. Ubovu wa aina ya Lynch mzazi akiwa nao kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuupata, kwaiyo yeye anaweza kuukosa mdogo wake akaupata. Kushangilia tiki ya mwenzio ni kazi bure.

Kuhusu usiri nitasema kidogo tu. Kampuni kubwa ya kazi hii ya Marekani, 23andMe, mwaka 2023 ilidukuliwa taarifa za watu kama milioni 6.9, na Machi 2025 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, wateja wakabaki wanauliza mate yetu yanauzwa kwa nani. Nenosiri ukidukuliwa unabadilisha. Vinasaba utabadilisha wapi.

Sasa kliniki. Iko upande wa Nyegezi, nilienda na baba kwa sababu yeye ndo ndugu wa damu wa marehemu na yeye ndo mwenye sukari, mimi nilikua dereva na mlipaji. Dokta ni mama wa makamo, akamsalimia mzee shikamoo vizuri, akamuuliza sukari alianza lini, anatumia dawa gani, choo kikoje. Alafu akachukua karatasi ya kawaida ya printa akailaza kwa upana akaanza kuchora. Wanaume visanduku, wanawake viduara, mstari wa kulala ni ndoa, mistari ya kushuka ni watoto, aliyefariki anakatwa kwa mstari wa mshazari. Kila kisanduku chenye sukari akakitia wino nusu ya kushoto, chenye kansa nusu ya kulia. Baba mkubwa kisanduku chake kikawa cheusi chote. Baba alikikodolea macho kile kisanduku muda mrefu hakusema kitu.

Kazi ngumu ilikua umri. Dokta anataka ajue aliugua akiwa na miaka mingapi, baba anajibu kwa matukio, mwaka MV Bukoba inazama alikua na watoto wawili, basi tunaanza kuhesabu toka 1996. Umri sio udaku, kansa ya utumbo ikimpata mtu kabla ya miaka 50 inatia shaka ya kurithi kuliko ikimpata na 70. Mwisho ikabidi tumpigie shangazi Nansio tukaweka spika. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, mko salama huko mjini?" Nikamwambia dokta anataka kujua wagonjwa wa ukoo, kwanza akasita, anauliza huyo dokta anataka majina ya nini, baba akaingilia, dada yangu sema tu. Akasema. Ndani ya dakika chache tulijua vitu ambavyo mimi na umri huu sijawahi kuvisikia, kwamba bibi mzaa baba alikufa tumbo limejaa na hakupelekwa hospitali, na kwamba shangazi mkubwa aliyefariki mimi nikiwa mdogo, niliyeambiwa kafa kwa presha, alikua na kansa ya kizazi.

Dokta hapo kalamu ikasimama. Akauliza ni mlango wa kizazi au ni ndani kwenye mji wa mimba? Maana ya mlango wa kizazi, ambayo ndo imejaa huku kwetu, inaletwa na kirusi cha HPV na haihusiani na habari hii. Ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba ndo inayotembea pamoja na kansa ya utumbo kwenye familia zenye Lynch. Shangazi hakujua, anakumbuka tu alipelekwa Ocean Road, hospitali ya kansa Dar, wakampiga mionzi. Dokta akaweka alama ya kuuliza kwenye kiduara, hakukipaka wino. Mimi huo ndo uliokua wakati niliamini pesa yangu haijaliwa, maana kile kipimo cha mate hakina sehemu ya alama ya kuuliza.

Sasa hili la sukari na kansa, nieleze nilivoelewa kwa dokta na nilivosoma zaidi nyumbani. Uhusiano upo kweli, sio maneno ya msibani. Tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinaonyesha mwenye sukari aina ya pili ana hatari ya kansa ya utumbo mpana iliyozidi kwa asilimia 20 mpaka 30 hivi kuliko asiye nayo. Isikutishe hiyo, tuseme kwenye watu 100 wangeugua 4, hapo inakua kama 5. Sehemu ya hilo ni kwa sababu magonjwa yote mawili yanakula sahani moja, kitambi, kukaa kutwa, sigara, pombe, nyama kila siku. Swali la vinasaba ni kwamba je, kuna kitu kwenye damu chenyewe kinachoyafunga?

Kuna jeni inaitwa TCF7L2. Wanasayansi wa Iceland waliitangaza mwaka 2006, na katika zile tofauti za kawaida ambazo watu wengi wanazibeba, hii ndo yenye nguvu kuliko zote kwenye sukari aina ya pili, na kwa Waafrika imeonekana pia. Jeni hiyohiyo ukishuka utumboni ni swichi ya njia ya mawasiliano ya seli inaitwa Wnt, ndo inayoamuru ukuta wa utumbo ujijenge upya, maana ule ukuta unajivua na kujijenga kila baada ya siku chache maisha yako yote. Breki ya njia hiyo ni APC, na karibu kansa 8 kati ya 10 za utumbo mpana zina hiyo breki imekatika. Yaani jeni ya sukari imekaa palepale ambapo kansa inaanzia! Baba alivosikia hivo akapiga goti lake akasema basi ndo hiyohiyo imetumaliza. Dokta akamwambia taratibu mzee. Ile tofauti ya TCF7L2 inayoleta sukari inafanya hivo kwa kuidhoofisha kongosho isitoe insulini ya kutosha, na waliotafuta kama wanaoibeba wanapata kansa ya utumbo zaidi wamepata majibu ya kugongana, wengine ndio wengine hapana.

Kinachoonekana kua na uzito zaidi ni insulini yenyewe. Watu wengi wenye sukari aina ya pili miaka ya mwanzo hawana upungufu wa insulini, wanayo nyingi kupita kiasi, kwa sababu mwili unaikataa na kongosho inaongeza inaongeza. Insulini kazi yake sio kushusha sukari tu, inaziambia seli kueni, zaaneni, na inaongeza nguvu ya homoni nyingine ya ukuaji inaitwa IGF-1. Kwenye utumbo ambao tayari seli zake zinazaliana kwa kasi hiyo sio habari njema. Mwaka 2022 watafiti wakatoa uchambuzi wa vinasaba vya watu zaidi ya laki moja, wengi wa asili ya Ulaya, wakatumia ujanja mmoja mzuri: jeni unapangiwa siku mimba inatungwa, kama kuokota karatasi za upatu, haiangalii utakula nini wala utakua na hela, kwaiyo ukilinganisha walioangukiwa na jeni za kupandisha insulini na ambao hawakuangukiwa, unajua athari ni ya insulini na sio ya kitambi wala maisha. Walioandikiwa insulini juu walikua na kansa ya utumbo zaidi waziwazi. Walioandikiwa sukari juu peke yake, uhusiano ulikua mdogo mno, na kisukari kwa ujumla wake kidogo tu.

Rudi sasa kwenye ripoti ya dada. Ile alama moja ya sukari imechanganya kwenye chungu kimoja jeni za kongosho kuchoka na jeni za mwili kukataa insulini, na hizo mbili kwenye utumbo hazifanani. Watu wawili wote wana sukari, wote alama imezidi, mmoja njia yake inaweza isiguse utumbo sana na mwingine ikagusa. Ndo maana nasema kile kipimo hakikujibu swali letu na wala hakikua na uwezo wa kulijibu.

Najua kuna mtu kashaanza kufikiria kuacha sindano za insulini. Acha hayo mawazo. Baba naye aliuliza palepale, dokta akamjibu kuna jaribio kubwa linaitwa ORIGIN, matokeo yalitoka 2012, watu zaidi ya 12,500 walifuatiliwa kama miaka sita, waliochomwa insulini ya glargine hawakupata kansa zaidi ya wengine. Sukari isiyotibiwa inaua figo na macho na miguu kabla kansa haijafika hata getini.

Hiyo ya sukari na insulini juu ndo njia ya wengi. Ya wachache haina habari na sukari kabisa, ni jeni za kurekebisha makosa ya DNA, MLH1, MSH2, MSH6, PMS2, ubovu wake ndo Lynch, inakadiriwa inachangia kama asilimia 3 ya kansa za utumbo, na kwa baadhi ya jeni hizo karibu nusu ya wanaozibeba wanaugua. Nilipenda historia yake kuliko kitu kingine chochote nilichosoma. Mwaka 1895 huko Michigan mama mmoja fundi cherehani alimwambia daktari Aldred Warthin kua na yeye atakufa kwa kansa ya tumbo au ya kizazi kama ndugu zake wote, na kweli akafa kwa kansa ya mji wa mimba. Warthin akachora ukoo wake akautangaza mwaka 1913. Jeni yenyewe imekuja kupatikana miaka ya tisini. Miaka themanini karatasi ilijua, maabara haijui. Na huyo mama alijua kabla ya wote.

Kwa familia yetu dokta alisema picha inaelekea njia ya wengi, ila ile alama ya kuuliza ya shangazi mkubwa hataki kuifuta. Akauliza kama kile kinyama walichomkata baba mkubwa kwa ajili ya kupima bado kiko maabara, kwa sababu kinaweza kupimwa kama kina dalili za Lynch, na mgonjwa mwenyewe ndo wa kuanza kupimwa, sio binti yake mzima. Mtoto wa marehemu anafuatilia hilo.

Kitu kingine kilichonishangaza ni swali lake kuhusu selimundu. Kanda ya Ziwa selimundu ni nyingi, na wanaobeba jeni moja tu wengi hawajui maana hawaumwi. Sasa kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, HbA1c, kinasoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na kwa mwenye jeni ya selimundu kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Ile hitilafu ya kurithi ya chembe nyekundu inaitwa G6PD nayo hivohivo. Yaani mtu ana sukari karatasi inasema yuko fiti, anazunguka na insulini juu miaka. Baba HbA1c yake ilikua nzuri siku zote huku asubuhi mashine ya kidoleni inasoma juu, tukawa tunailaumu mashine! Kaandikiwa kupimwa selimundu na sukari kwa njia nyingine.

Alafu damu kwenye choo. Hapa niwe mkali kidogo. Baba mkubwa alitoa damu muda mrefu, na kila alipoenda alipewa dawa ya kichocho, mara amiba, mara bawasiri. Na sio ujinga, sisi ni watu wa ziwani, tumeoga humo toka watoto, kichocho cha tumbo kinatoa damu kweli na prazikwanteli tunaijua kama panadol. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza mbona dawa zimeisha na damu inarudi, mtu ana zaidi ya miaka hamsini, ana sukari, anakonda, damu imepungua. Dokta alisema hata kipimo cha kinyesi cha kutafuta damu kwa huku kinaweza kuja chanya kwa sababu ya kichocho, damu ni damu, kwaiyo ukitibiwa na ikaendelea usirudie dawa, omba kolonoskopi. Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wanafanya. Ni ile kamera ya kuingizwa nyuma, ndio hiyohiyo mnayoicheka, na uzuri wake wakikuta kinyama kinachoota wanakitoa palepale kabla hakijawa kansa. Marekani walifuatilia watu zaidi ya 54,000 wa majimbo ya kusini mashariki, wengi Wamarekani weusi wa kipato cha chini, majibu yakatoka 2023: wenye sukari walikua na kansa ya utumbo asilimia 47 zaidi, kwa wasiowahi kupigwa kolonoskopi ikawa kama mara mbili, kwa waliopigwa tofauti ikashuka sana. Jeni haijabadilika hapo, kilichobadilika ni kuchunguliwa tu.

Ushauri aliotupa mzee: mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyeugua aanze kuchunguzwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, inayotangulia. Baba kashapita umri huo zamani kwaiyo ameandikiwa, na kinachomsumbua sio kamera, ni kuambiwa jana yake asile ugali anywe ile dawa ya kusafisha tumbo lita na lita.

Lawama zangu kwa kliniki. Miadi saa tatu tumeingia saa sita kasoro na mzee wa sukari amekaa na njaa kwenye benchi, hilo sio jambo dogo na wahudumu wanaona. Bei ya kumuona dokta tuliambiwa moja kwenye simu nyingine dirishani. Na pale mapokezi kuna mtu kaweka chupa za juisi ya kuondoa sumu ya utumbo anauza, dokta mwenyewe nilipomuuliza alikunja uso akasema hiyo sio yangu. Kama sio yako iondoe mama, inakuharibia. Ila kuelezwa, tumeelezwa, tena kwa Kiswahili, na karatasi ya ukoo tumepewa kopi. Nusu ya nyota nimekata kwa foleni na nusu kwa juisi.

Kipimo cha mate nani anunue? Anayetaka kujua mababu walitokea wapi na ana hela ya kuchezea, sawa. Mwenye ndugu aliyekufa na kansa ya utumbo hapana, huyo akihitaji vinasaba apimwe kile kipimo kamili kwa kuandikiwa na daktari.

Mkienda kliniki bebeni karatasi za hospitali za marehemu kama hamjazichoma, daftari la kliniki ya sukari, na mzee mmoja anayekumbuka. Na kama shangazi yenu yuko kisiwani mjulishe siku moja kabla ili awe amechaji simu.